Gari Lenye X Moja

Jumatatu, 1 Juni 1998

Asubuhi anga safi, baridi ya kuvaa sweta mpaka saa tatu, upepo mdogo kutoka upande wa bandarini.

Leo tumepewa onyo la pili.

Mimi na Agathe tunapika pamoja tangu mwaka jana. Tumepanga vyumba viwili vya nyuma kwenye nyumba moja hapa Sydenham, mtaa wa mji huu wa bandari huku kusini, na jiko letu ni moja. Yeye ni wa Bukavu, mimi ni wa Moshi. Yeye hupika sombe, yaani kisamvu, na samaki, mimi wali na maharage ya nazi. Kila siku ya masomo tunapeleka chakula cha mchana chuoni Westville kwa wanafunzi thelathini na wawili wa kwetu na wa kwao. Tunakwenda kwa taxi mbili, ndizo daladala za huku, na sufuria kubwa hulipiwa nauli kama abiria. Agathe huiita Madame, huikalisha dirishani na kuifunika kitenge, na ikipigwa na kona huiomba radhi.

Leo dereva wa taxi ya pili alimkataa Madame kwa sababu Ijumaa alimwaga mchuzi kwenye kiti. Tukasubiri nyingine. Tulifika saa saba kasoro dakika kumi badala ya saa sita na nusu. Gosbert, mwenyekiti wa wanafunzi, alikuwa mlangoni, saa yake ya mkononi ameigeuza itutazame sisi.

"Dada Sia, mimi binafsi nawapenda. Lakini njaa haina urafiki. Mara ya kwanza tulisema bahati mbaya. Hii ya pili. Ya tatu, kikao kimeshaamua, tunarudi kwenye bunny chow."

"Mkate ya kutoboa tumbo!" Agathe akamaka. "Mutoto wa mama yake anasoma mpaka udaktari, anakula mkate imetobolewa tumbo, imetiwa mchuzi!"

"Mama Agathe, mkate huo hufika saa sita na nusu."

Alisema kweli. Jumatano ndiyo siku ya mwisho ya chakula, halafu wanafunzi wanaingia kwenye mitihani. Watarudi Jumatatu tarehe 20 Julai.

Njiani tumekubaliana: tununue gari kabla ya tarehe hiyo. Akiba yetu inatosha gari moja la mkono wa pili. Likiwa gonjwa, hatuna la pili, na kuchelewa kwa tatu ndio mwisho wa kazi inayomsomesha mwanangu Belinda kule Moshi. Kwa hiyo sitanunua kwa kusikia. Nitachunguza.

Nimelala saa saba usiku.

Jumanne, 2 Juni

Wali uliungua kidogo. Hakuna aliyesema.

Alhamisi, 4 Juni

Jua. Nimefungua daftari jipya na kuandika juu ya kurasa nne: Toyota, Nissan, Mazda, Honda. Watu wote wanasema gari ni la Kijapani, mengine ni bati. Lakini la Kijapani lipi? Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Gosbert anasema Toyota, kwa sababu kwao Bukoba hata askofu anapanda Toyota. Agathe anasema Mazda, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa nayo na ilivusha familia nzima, mbuzi wawili na kabati. Mwita, fundi wetu Mtanzania mwenye gereji ndogo barabara ya pili kutoka hapa, anasema Nissan, na nilipomuuliza sababu alijibu, "Sababu ni mimi." Mama mwenye nyumba anasema Honda, maana mkwewe ni daktari na anayo.

Nimeandika yote. Halafu nimesoma tena nikaona nimeandika habari za askofu, mbuzi, Mwita na mkwe. Habari za magari hakuna.

Nimelala saa sita na nusu.

Jumapili, 7 Juni

Mawingu asubuhi, jua mchana. Leo nimepata njia!

Baada ya misa ya Kiswahili tulikaa kwenye ngazi za kanisa na Papa Désiré. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Hapa analinda magari kwenye uwanja wa maduka, pale pale Sydenham, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Nilikuwa nalalamika kuhusu kurasa zangu nne tupu, akaniuliza kwa upole:

"Da Sia, nani anaona gari kila siku? Fundi anaona tu ile yenye kuumwa. Mwenyewe anasema uongo. Muuzaji anasema uongo na kicheko juu. Lakini mimi, gari inafika saa mbili, inalala mbele yangu mpaka saa kumi na moja. Ikiwashwa nasikia. Ikiondoka, naona kama imeacha mafuta chini. Mwaka mzima naona. Hakuna mutu amewahi kuniuliza."

Mwaka mzima! Na walinzi wa magari wa Kikongo wamejaa mji huu.

Tumepanga hivi. Désiré ataandika uwanja wake, na Jacques, anayeimba besi kwenye kwaya, ataandika uwanja wa ofisi za meli bandarini. Kila gari la Kijapani linalokuja kila siku lina mstari wake. Jioni likiwashwa na kuitika mara ya kwanza, V. Likisumbua, au likiacha tone la oili chini, X. Nimewapa sheria moja: alama tu, hakuna maelezo. Maelezo ndiyo yaliyonipa mbuzi na askofu.

Jacques amelipokea daftari kwa mikono miwili, kama cheti.

Nimelala saa nne. Mapema.

Jumapili, 14 Juni

Wiki ya kwanza imeisha. Désiré amekuja na magari arobaini na moja, mistari imenyooka kwa rula. Jacques ameleta magari ishirini na saba. Nimeanza kujumlisha.

Alasiri tumeangalia Kombe la Dunia kwa mama mwenye nyumba. Wajapani wamefungwa moja kwa bila na Ajentina.

"Da Sia," Agathe akasema, "kama motokari zao zinakimbia vile, tutembee na miguu."

Jumanne, 16 Juni

Sikukuu ya huku, maduka yamefungwa. Tumefua.

Jumamosi, 20 Juni

Mvua ya baridi tangu alfajiri, si kawaida mwezi huu. Kila mtu anaguna, mimi nimefurahi, maana mvua huyafichua magari. Désiré anasema jioni uwanja wake ulikuwa kama wodi: hili linakohoa, lile limekataa kabisa, watu wazima wanasukuma huku miamvuli imegeuka nje ndani. Aliandika X kumi na moja huku akisukuma.

Wajapani wamefungwa tena. Agathe alinionyesha miguu yake.

Alhamisi, 25 Juni

Jua limerudi. Nimefika hatua ya kushangaza. Uwanja wa Désiré una V na X zilizochanganyika kama uwanja wowote wa wazima na wagonjwa. Lakini wa Jacques! Magari kumi na tisa hayajapata hata X moja, hata siku ile ya mvua. Manane yana X tupu, kila siku, kama yamelogwa. Hakuna la katikati.

Mwita alipita kunywa chai akachungulia daftari.

"Dada, unanunua gari au unafanya sensa ya taifa?"

"Kunywa chai, Mwita."

"Mimi nimeshakwambia. Nissan."

Lakini hata yeye alipoona kurasa za Jacques alikuna kichwa. Alisema labda hewa ya bahari. Nikamwambia bahari haichagui gari.

Nimelala saa saba na robo.

Ijumaa, 26 Juni

Wajapani wamefungwa na Jamaika, wanarudi kwao. Lakini safari hii walifunga bao moja. Agathe anasema hilo bao ndilo gari letu.

Jumatatu, 29 Juni

Asubuhi ukungu, jua saa tatu. Nitaandika kirefu.

Leo nilikwenda mwenyewe bandarini. Nilimkuta Jacques kwenye kiti chake cha plastiki, daftari gotini, kalamu sikioni, mkubwa kama kabati. Alifurahi, akanipa kiti, yeye akasimama. Nilikaa tangu saa tisa mpaka ofisi zilipofungwa.

Gari la kwanza kutoka lilikuwa kuukuu, rangi ya udongo, na mwenyewe ni mzee wa kofia. Alipiga stati. Gari likakohoa. Akapiga tena, likalia kama mbuzi. Mara ya nne likawaka, likatoa moshi mweusi uliomfunika Jacques mpaka kiunoni. Mzee akapunga mkono, Jacques akapunga wake, likaenda zake. Chini likaacha kidimbwi.

Jacques akatoa kalamu sikioni, akaandika V.

"Jacques!"

"Mama?"

"Umeandika nini?"

"V."

"Limewaka mara ya nne! Umekula moshi mbele ya macho yangu! Tazama hiyo oili!"

Alitazama ile oili kwa huzuni, kisha akanitazama mimi kwa huzuni zaidi.

"Mama Sia, ule muzee iko mutu muzuri. Kila asubuyi: 'Monsieur Jacques, bibi yako anaamuka muzuri? Batoto?' Siku niliumwa, aliniletea dawa. Sasa mimi nikamate kalamu niandike gari yake mubaya? Katika kitabu? Roho itanisuta."

Wakati huo likatoka gari jeupe jipya, likawaka kwa kuguswa tu, laini kama cherehani. Dereva alipita bila kugeuza shingo. Jacques akaandika X, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Na hilo?"

"Ule alinitupia funguo kama anatupia imbwa mufupa. X. X mpaka afe."

"Lakini tunaandika gari, Jacques, si mtu!"

"Mama," akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "gari haina adabu yake yenyewe. Adabu ni ya mwenyewe."

Wiki tatu! Wiki tatu nimekuwa nikijumlisha salamu. Nilirudi kwa taxi nikitaka kulia, na sikujua kama ni kwa hasira. Nilipomsimulia Agathe alianza kucheka akiwa amesimama, akaendelea akiwa ameketi, akamalizia chini sakafuni ameshika mguu wa meza.

"Da Sia! Una orodha ya watu wote bazuri wa bandari! Hata serikali haina!"

Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Lakini zimebaki wiki tatu, na nusu ya kazi yangu ni ya kutupa.

Nimelala saa nane. Au tisa. Sikutazama.

Jumanne, 30 Juni

Nimemrudishia Jacques daftari lake. Kwenye jalada nimeandika "Watu Wema wa Bandarini". Amefurahi kupita kiasi. Amesema ataendelea.

Alhamisi, 2 Julai

Baridi. Agathe amevaa soksi zangu. Gosbert amepita kuuliza kama tumeshapata gari. Nikamwambia nachunguza. Akasema, "Dada Sia, mimi utafiti wangu wa udaktari hauna majedwali mengi hivi." Sijui kama ilikuwa sifa.

Jumapili, 5 Julai

Jua zuri, bahari inaonekana kutoka juu ya kilima kama bati jipya.

Baada ya misa nimembana Désiré. Nimemuuliza mbele ya Agathe: je, na yeye huandika salamu? Alivua miwani akaifuta.

"Da Sia, mimi nilifelisha mutoto wa kaka yangu mara mbili. Mara mbili. Kaka yangu mpaka leo hanisemeshi."

Nimemwamini. Tukakaa na kurasa zake peke yake, arobaini na moja, tukajumlisha kwa makampuni: Toyota, Nissan, Mazda, Honda. Tulipomaliza tulitazamana. Hakuna kampuni iliyoiacha nyingine mbali. Kila moja ina wazima wake na wagonjwa wake, kama familia. Nilijisikia mjinga. Mwezi mzima nimepanga kurasa nne, na swali lenyewe halikuwa la kurasa nne.

Désiré akageuza daftari upande wake. "Tulifanya kosa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tuliuliza ukoo, hatukuuliza mutu. Usiangalie majina haya ya juu. Pita na mistari, gari moja moja."

Nikapita na kidole. Mstari wa kumi na nne: Mazda 323, rangi ya maziwa. V, V, V, V. Siku ya mvua ile ya wodi, V. Nikakaribia mwisho wa mstari na kidole kikasimama. Ijumaa, tarehe 3 Julai: X.

"Hii nini?"

"Ilikataa kuwaka. Kimya kabisa. Mutu wa duka la jirani akaleta waya za betri."

"Kwa nini ilikataa?"

"Da Sia," akasema, "sheria yako. Alama tu, hakuna maelezo. Sikuuliza."

Agathe tayari alikuwa ameshaanza kuimba jina la Mazda na la baba yake. Nikamwambia X ni X. Kama gari zima linaweza kunyamaza ghafla siku ya Ijumaa, linaweza kunyamaza na siku ya Jumatatu, na sufuria iko ndani.

Nimelala saa saba.

Jumatano, 8 Julai

Mwita ametuletea gari la kutazama, la rafiki wa rafiki. Linang'aa mpaka unajiona meno. Muuzaji ana cheni ya dhahabu na jibu kwa kila swali. Nilipouliza limewahi kusumbua lini, alisema, "Sister, never." Halijawahi hata siku moja, miaka tisa.

Nikakumbuka zile kurasa za Jacques zenye V tupu kutoka juu mpaka chini. Nikasema ahsante, hapana. Mwita amenuna. Agathe naye amenuna kidogo, maana siku zimebaki kumi na mbili.

Ijumaa, 10 Julai

Upepo mkali, kamba ya nguo imekatika.

Jumamosi, 11 Julai

Désiré alikuja jioni bila kuvua kizibao chake, anahema. Kwenye kioo cha duka la vitambaa pale uwanjani wamebandika karatasi: Mazda 323 inauzwa. Ndilo lile la rangi ya maziwa! Mwenyewe ni Bi Moonsamy, mama wa Kihindi mwenye miaka sabini. Daktari wa macho amemkataza kuendesha na duka analifunga mwisho wa mwezi. Wanaume wawili wameshakwenda kulinunua akawafukuza. Mmoja alipiga tairi teke.

Siku ishirini na tisa, V ishirini na nane, X moja. Nimeitazama ile X mpaka macho yakauma.

Nimelala saa nane na nusu.

Jumatatu, 13 Julai

Asubuhi tulivu, joto kidogo, hata majani hayatikisiki. Sitaisahau siku hii.

Tulikwenda mimi na Agathe, tumevaa kama watu wa kwenda kuposa. Bi Moonsamy ni mdogo, sari ya bluu, miwani minene. Kiingereza chake ni cha haraka na alituita "my girl" sote wawili, ingawa Agathe ana miaka arobaini na minne. Hakutuonyesha gari. Alitukalisha kati ya majora ya vitambaa na kutuuliza maswali. Nani ataendesha? Leseni nilipata wapi? Tutabeba nini? Agathe alipomwelezea Madame Sufuria na kitenge chake, nilimwona Bi Moonsamy akiuma mdomo asicheke.

Kisha akauliza, "Na mmejuaje kwamba gari langu ni zuri? Hamjalitazama."

Nilitoa daftari. Sikuwa nimepanga, mkono ulitoka wenyewe. Nikamwonyesha mstari wa kumi na nne. Alilisogeza puani, akasoma alama moja moja, siku moja moja, midomo ikicheza. Nikaogopa. Nani anapenda kuambiwa amechunguzwa mwezi mzima na mlinzi wa magari?

Akafika kwenye X.

Akainuka, akaenda nje polepole akishika kuta, akafungua gari lake, akarudi na kitu mkononi. Kilikuwa daftari. Jalada gumu jeusi, kingo zimefungwa kwa gundi ya kitambaa, na kalamu imefungwa kwa uzi. Akanipa.

Tangu mwaka 1987! Kila kumwaga oili, kila plagi, kila tairi lililohamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, tarehe, na hali ya hewa. Hali ya hewa! Mwandiko mdogo ulionyooka, mistari imepigwa kwa rula. Nilihisi kama nimefungua shajara yangu mwenyewe.

"Soma Ijumaa hiyo," akasema.

Nikageuza mpaka mwisho. Tarehe 3 Julai, mawingu, baridi. Nikasoma kwa sauti ili Agathe asikie: mjukuu alikaa garini akitafuta pete yake, akaacha taa ndogo ya ndani inawaka tangu asubuhi. Jioni betri imekufa. Jirani amesaidia kwa waya. Nimemgombeza mjukuu. Pete haijapatikana.

Tarehe ile ile. Désiré aliandika X akiwa nje, yeye akaiandika akiwa ndani, bila mmoja kujua habari za mwenzake. Ile X iliyoninyima usingizi wiki nzima ndiyo iliyoniondolea shaka. Wale wawili waliosema gari halina kosa hata moja, Jacques na mwenye cheni ya dhahabu, sikuweza kuwaamini. Huyu alinionyesha ubaya wa gari lake kabla sijamuuliza.

"Agathe," nikasema kwa Kiswahili, "ndilo hili."

"Mi nilisema Mazda tangu mwezi wa sita," akajibu. "Baba yangu anacheka huko mbinguni."

Bi Moonsamy akamwita Désiré kutoka nje. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Miaka miwili amelinda gari lake. Bibi akamuuliza, "Désiré, hawa wawili. Ungewaandikia nini?"

Nilianza kusali kimoyomoyo, kwa sababu namjua. Amemfelisha mtoto wa kaka yake.

Désiré alifikiri. Alifikiri muda mrefu, mpaka Agathe akaanza kumkanyaga.

"Aunty, huyu wa kuandika, V. Huyu wa kuimba," akamtazama Agathe, "anawaka haraka sana, na anatoa moshi. Lakini hajawahi kukataa kuwaka. V."

Bi Moonsamy alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatano, 15 Julai

Mwita amelala chini ya gari saa nzima, kadibodi safi imetandikwa chini. Alipotoka, kadibodi ilikuwa kavu na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada, huyu bibi ana mume?"

"Ni mjane."

"Mwambie niko tayari."

Nissan hakuitaja tena.

Jumamosi, 18 Julai

Jua. Gari ni letu. Bi Moonsamy ametuachia na daftari jeusi, kwa sharti kwamba niliendeleze. Ameandika mstari wake wa mwisho mwenyewe: limekabidhiwa, anga safi. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa, akaingia ndani bila kutazama nyuma. Wakati tunasafisha viti tumepata pete ya mjukuu. Nimempelekea mbio. Akaniambia niiandike daftarini.

Agathe aliomba awe wa kwanza kuendesha, mzunguko mmoja tu uwanjani. Ana leseni ya kwao na amejifunza kwa Mazda ya baba yake, na kwao usukani uko kushoto. Alifungua mlango wa kushoto kwa madaha, akaketi, akajiweka sawa, akanyoosha mikono miwili mbele. Akashika hewa.

"Da Sia! Wameiba usukani!"

Walinzi wote wa uwanja walisikia. Désiré alilazimika kukaa chini.

Nitaendesha mimi.

Jumatatu, 20 Julai

Asubuhi mvua nyembamba ya baridi, mawingu yamekaa juu ya paa. Siku mbaya kuliko zote za kuanzia, nikawaza, na hapo hapo nikawaza: siku nzuri kuliko zote.

Saa tano na dakika ishirini tumempakia Madame kiti cha nyuma, kitenge mabegani, mkanda umemzunguka. Nilipiga stati. Agathe alifumba macho na kushika rozari. Likaitika mara ya kwanza. Agathe akapiga kigelegele mpaka mama mwenye nyumba akatoka na mwiko.

Saa sita kasoro dakika tano tuko Westville. Hakukuwa na mtu mlangoni. Gosbert alikuja saa sita na robo, hana hata sahani, akatukuta tumekaa ndani ya gari tunakula chapati zetu.

"Mama Agathe, mmeshafika?"

"Weye ndiye umechelewa, mwenyekiti. Hii ni onyo ya kwanza."

Sufuria ilirudi tupu, inalia kama ngoma kwenye kila kona. Jioni tulipita bandarini. Jacques alikimbia mpaka kwenye dirisha, akatuuliza habari ya nyumbani, ya mtoto wa Moshi, ya Bukavu, kisha akatoa kalamu sikioni. Alikuwa ameshatuandikia V tangu Jumamosi, gari hajaliona.

Daftari jeusi: 20 Julai, mvua nyembamba, limewaka mara ya kwanza, mara nne kwa siku nzima. Nimetandika kadibodi chini yake uani na kwenda kuitazama kwa tochi. Kavu.

Saa tatu na robo. Nalala.